Tunapohamia Nyumba Mpya

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo jamaa nyingi katika nchi yetu zinalitamani na kulihangaikia, yaani kununua nyumba mpya mtaani na kuingia kukaa.

Sisi wachungaji huitwa mara kwa mara kuzibariki nyumba za namna hiyo. Tunafika Jumamosi alasiri. Rangi bado inanuka, vioo vya madirisha bado vina madoa ya saruji, na viti vya kuazima vimepangwa sebuleni. Tunapita chumba kwa chumba tukiomba, akina mama wanaimba, kisha chakula kinaletwa. Ni siku njema, na hata Torati iliiheshimu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, mtu aliyejenga nyumba mpya wala hajaizindua aliruhusiwa kurudi kwake asiende vitani. Mungu hakuiona furaha ya nyumba mpya kuwa jambo dogo.

Lakini wageni huondoka, lango likafungwa. Hapo ndipo swali letu la leo linapoanza. Je, tumenunua nyumba tu, au tumefika nyumbani? Katika lugha yetu maneno hayo mawili yanatengwa na silabi moja, lakini wako watu waliokaa miaka 20 katikati yake bila kuvuka.

Kwanza tuseme neno juu ya kununua, maana mtu hawezi kukaa kwa amani katika nyumba iliyoingiwa gizani.

Mnakumbuka habari ya nabii Yeremia, katika sura ya 32 ya kitabu chake. Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, akaja kumtaka anunue shamba lililoko Anathothi. Yeremia akalinunua kwa shekeli 17 za fedha. Tazameni jinsi alivyonunua. Aliita mashahidi. Alipima fedha katika mizani. Hati iliandikwa na kutiwa muhuri, tena palikuwa na nakala nyingine iliyoachwa wazi, na zote mbili akampa Baruku azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Yeremia alinunua kwa imani, kwa maana mji ulikuwa karibu kuanguka. Hata hivyo imani yake haikuruka hatua hata moja ya hati.

Ndugu zangu, sisi nasi tusiruke. Wako watu wanaosema, "Nimeomba, na muuzaji ni mwenzetu kanisani," kisha wanatoa fedha. Kuomba ni vyema, nako kupeleleza ni vyema. Kabla ya kulipa malipo ya kwanza, na tufanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, tujue jina lililo kwenye hatimiliki ni la nani, na kama ardhi hiyo imewekwa rehani. Kwa ardhi ya Nairobi kazi hii sasa hufanywa kwa mtandao wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021. Tuwe na wakili wetu wenyewe, si wakili wa muuzaji peke yake. Tunakumbuka Novemba 2011 kule Syokimau, matingatinga yalipozibomoa nyumba za watu kwa ajili ya mgogoro wa ardhi iliyo karibu na uwanja wa ndege. Watu wazima walilia mbele ya mawe yaliyokuwa sebule zao. Hatuwahukumu waliopatwa na hayo. Tunasema tu kwamba uangalifu si upungufu wa imani.

Tena Bwana wetu alifundisha, katika Luka sura ya 14, kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Bei iliyoandikwa kwenye bango siyo gharama yote. Kwa nyumba ya mjini ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani. Nyumba ya shilingi milioni 6 inadai ushuru wa shilingi 240,000, na bado wakili na mthamini hawajalipwa. Kisha kuna ada ya kila mwezi ya walinzi, ya taka na ya taa za barabarani. Kuna maji ya boza siku mfereji unapokauka. Na kama tumekopa, kuna benki, nayo haisahau tarehe.

Hapa tuna neno kwa waume na wake. Mahali pengine tumeketi na jamaa ambayo mke aliijua hali ya mkopo siku dalali alipobandika tangazo la mnada mlangoni. Alikuwa amefua mapazia ya nyumba ile kwa miaka 7, naye hakujua kwamba malipo yalikuwa yamesimama. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani pasipo idhini ya mume na mke. Lakini sheria haiwezi kuwaketisha watu wawili mezani jioni. Karatasi za nyumba ziwekwe mahali ambapo wote wawili wanapajua, kama chombo kile cha Baruku. Deni linalojulikana na wawili ni mzigo. Deni linalofichwa na mmoja ni ufa katika msingi.

Basi tumenunua, tumepewa funguo. Sasa ni kukaa.

Mafundi watatuambia kwamba nyumba yenyewe huchukua muda kutulia. Saruji hungojewa siku 28 ndipo uimara wake upimwe. Kuta mpya zina maji ndani yake, na zinapokauka huonyesha nyufa nyembamba kama unywele. Hizo si za kuogofya sana. Ufa unaozidi kupanuka, huo uitiwe mhandisi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara, kabla hajaikubali nyumba, hupita na daftari: anafungua kila bomba, anamwaga maji sakafuni bafuni aone yanaelekea wapi, anafunga na kufungua kila mlango, anaandika kasoro zote, tena anasoma katika mkataba ni miezi mingapi mjenzi atawajibika kuzirekebisha. Ikiwa matofali yanahitaji muda na uangalizi, je, si zaidi watu 60 wasiojuana, waliotoka pembe zote za nchi, ambao wamejikuta wakitumia lango moja?

Sasa tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Pale Mungu anatoa agizo kwa mtu anayejenga nyumba mpya. Hamwagizi juu ya rangi wala ukubwa wake. Anamwagiza aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke toka juu, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Katika Israeli dari ilikuwa bapa, ni mahali pa kukaa. Rahabu alianika kitani juu ya dari. Petro alipanda darini kule Yafa ili aombe. Kwa hiyo ukuta ule haukuwa pambo. Ulikuwa kwa ajili ya mtoto wa jirani, na mgeni asiyejua ukingo uko wapi. Nyumba ni yangu, lakini usalama wa anayeikaribia ni juu yangu.

Tuwasimulie jambo lililotokea katika mtaa mmoja mpya tunaouhudumia. Kando ya nyumba zilizokwisha kuhamiwa palikuwa na kiwanja ambacho ujenzi wake ulisimama. Shimo la maji machafu lilikuwa limechimbwa, likaachwa wazi. Mvua za masika zikalijaza. Kila asubuhi watu walipita hapo wakienda kazini, na kila mtu alisema, "Hilo ni la mwenye kiwanja." Walisema kweli. Lilikuwa la mwenye kiwanja.

Siku moja mtoto wa miaka 4 aliufuata mpira akatumbukia. Mlinzi wa lango alisikia kelele, akatupa koti lake, akaingia majini na kumtoa mtoto akiwa hai. Jioni hiyo wazazi walitaka kumshukuru, wakaulizana jina lake. Hakuna hata mmoja aliyelijua. Alikuwa amewafungulia lango kwa miezi 8.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wakazi wale walikutana kwa mara ya kwanza. Waislamu walikuwepo, na Wakatoliki, na wasiokwenda popote. Walichanga fedha za mbao na mabati, wakalifunika shimo siku hiyo hiyo. Hawakumngoja mwenye kiwanja, ingawa baadaye walimdai gharama yake kwa haki. Waliandikiana namba za simu. Mlinzi aliitwa aketi pamoja nao, akaombwa aseme jina lake na kwao. Sisi tunaamini kwamba watu wale walihamia mtaa ule siku hiyo. Miezi ile yote ya kwanza walikuwa wamehamisha vyombo tu.

Labda mtauliza, kwa nini tunachelewa hivyo? Tuna sababu, na nyingine tumezirithi. Wakati wa ukoloni, mitaa ya Nairobi kama Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa ya kupanga. Mwafrika alihesabiwa mjini kama mfanyakazi anayepita, ambaye kwao ni mashambani. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, mtaa wa Buruburu ulipoanza kujengwa mashariki ya mji, watu wengi wenye kazi za mshahara waliweza kununua kwa mkopo na kusema, "Hii ni yangu." Lakini fikira hubadilika polepole kuliko hati. Hata leo mtu aliyenunua nyumba, aliyezaa watoto ndani yake, akiulizwa mwezi wa Desemba unakwenda wapi, atajibu, "Naenda nyumbani." Na anaifunga nyumba yake.

Hatusemi tusahau kwetu. Makaburi ya wazazi wetu yako huko, na kuwaheshimu baba na mama ni amri. Lakini watu wa Mungu waliopelekwa Babeli walikuwa na shida kama hii. Nabii mmoja, Hanania, alisema kwamba katika miaka 2 mambo yatarejea kama yalivyokuwa. Mtu anayengoja miaka 2 hapandi mwembe. Yeremia aliwaandikia barua tofauti, iliyo katika sura ya 29: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda, waozeshe watoto wao, wautafute usalama wa mji ule na kuuombea, kwa kuwa katika amani ya mji huo ndimo ilimo amani yao. Huo ulikuwa mji wa kigeni, mji wa adui. Ikiwa waliagizwa kuuombea Babeli, je, sisi hatuwezi kuuombea mtaa ambao tumeulipia kwa jasho letu?

Basi, ndugu zangu, juma hili tufanye mambo machache. Tujue jina la mlinzi wa lango letu, na la dada anayefanya kazi katika nyumba ya pili. Tubishe hodi kwa jirani wa kulia na wa kushoto, hata kama tumekaa miaka 10 bila kubisha. Hatujachelewa. Mkutano wa wakazi ukiitwa, twende, tusipeleke lawama peke yake. Tuzunguke nyumba yetu tukiuliza: Shimo letu lina kifuniko? Ngazi zetu zina mahali pa kushika? Roshani yetu inaweza kumzuia mtoto? Na kama kuna mjane au mzee anayekaa peke yake mtaani, awepo mtu mmoja mwenye namba yake ya simu, ambaye atastuka asipomwona akifungua dirisha asubuhi.

Mambo haya ni madogo. Ukuta wa darini nao ulikuwa mdogo, lakini Mungu aliutaja.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, Mwanao hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake, nasi umetupa paa. Tunakushukuru kwa kila chumba. Uwakumbuke wanaotafuta nyumba na hawana fedha, na wale waliodhulumiwa fedha zao. Uwape waume na wake ukweli kati yao juu ya deni na mali. Utufungue macho tuyaone mashimo yaliyo njiani mwa watoto wa wenzetu. Utupe ujasiri wa kubisha hodi, na moyo wa kufungua tunapobishiwa. Ukae nasi katika mitaa yetu mipya, hata tutakapofika katika nyumba ile isiyofanywa kwa mikono. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote, mlio mijini na mlio mashambani. Kwaherini.