Nani Aseme Mnyama Yu Mzima?

*Hotuba ya afisa uhusiano wa polisi kwa wafanyabiashara wa mifugo, wachukuzi na wenye mashua, Kashikishi, Wilaya ya Nchelenge*



Najua wengine mmeshangaa kusikia kwamba afisa wa polisi atazungumzia farasi na punda mahali ambapo farasi haonekani. Sababu ya kutoonekana kwake wazee wanaijua. Nchi hii ilikuwa ya mbung'o. Mwanzoni mwa karne iliyopita, ugonjwa wa malale ulipoua watu wengi, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa mwambao wa Mweru na bonde la Luapula ikawapeleka mbali na maji. Mbung'o huua farasi pia, na tauni ya farasi inayoenezwa na usubi humaliza waliosalia. Kwa hiyo mizigo yetu imebebwa kwa kichwa, kwa baiskeli na kwa mashua. Lakini mbuzi, nguruwe na kuku hupita hapa kila siku ya soko, na ubishi wetu pale gatini ni ule ule wa watu wa farasi duniani kote: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mnyama huyu yu mzima?

Mwenye mnyama hujibu mara moja, "Ni mimi, ninayeishi naye." Nami niliamini hivyo hadi siku moja nilipokuwa askari kijana katika Mkoa wa Kusini, ambako mkokoteni wa punda ni jambo la kila siku. Nilisimamisha mkokoteni uliojaa mahindi. Mwenyewe, mtu mzima mwenye adabu, akaniambia punda wake hana neno: anakula, anavuta, na hajapata kulala njiani hata mara moja. Nikamtazama punda. Alikuwa mnene, manyoya yamelala vizuri. Nikampa ruhusa aende. Msaidizi wa mifugo niliyefuatana naye akaomba tusubiri kidogo, akalegeza mkanda wa kifuani. Chini yake palikuwa na kidonda kibichi, upana wa kiganja changu.

Yule bwana hakuwa mwongo wala katili, na aliona haya kuliko mimi. Alimfunga punda wake alfajiri gizani na kumfungua usiku gizani, na kwa kuwa punda hakukataa kuvuta, hakupata sababu ya kumtazama. Mimi niliyekuwa na mwanga wa mchana na sare ya serikali sikuwa na udhuru.

Punda huficha maumivu. Farasi akiumwa tumbo hugaagaa chini. Punda husimama kimya, masikio yameinama kidogo, nasi tunamsifu kwa uvumilivu. Wanaowatibu husema punda aliyeacha kula apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Sisi tuna msemo wetu, punda afe mzigo ufike, na kwa maoni yangu umetuzoesha kuhesabu mizigo tu.

Msidhani ni upofu wa watu maskini. Katika mazizi mazuri ya Ulaya na Marekani, farasi aliyefungiwa peke yake huweza kung'ata ubao wa mlango huku akivuta hewa, au kuyumba kichwa huku na huku kwa muda mrefu. Kwa vizazi vingi watu wa farasi, mabingwa wa kazi yao, waliita jambo hilo tabia mbaya, wakamfunga farasi mkanda wa shingo ili aache. Farasi walio huru malishoni hawafanyi hivyo. Watafiti walipochunguza walilihusisha na upweke, kufungiwa na uchache wa nyasi. Bingwa aliiona dalili kila asubuhi, akaiita kosa la mnyama. Ukimwuliza kama farasi wake yu mzima, mara nyingi hutaja chakula, maji na banda, na husema kweli. Woga na upweke huja mwisho, au havitajwi kabisa.

Ndiyo maana vilitafutwa vipimo visivyotegemea neno la mwenye mnyama. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell huko Uingereza ilisema mnyama wa kufugwa aweze walau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1979 yakaongezwa yale yanayojulikana leo: asiteseke kwa njaa na kiu, kwa usumbufu, kwa maumivu na maradhi, wala kwa hofu, na aishi kwa desturi ya jinsi yake. Mwaka 1983, Henneke na wenzake Marekani walipanga kipimo cha unene wa farasi, 1 hadi 9, kinachotumia macho pamoja na mkono: mbavu hupapaswa, na mgongo, na shina la mkia.

Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, zahanati ya punda ilifunguliwa mwaka 1987, na yamefanyika mashindano ya punda waliotunzwa vizuri zaidi. Hilo linanipendeza. Mwenye punda hasimulii. Humleta mbele ya macho ya wengine.

Kwa nini polisi? Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 245 ya Sheria za Zambia, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwika kupita kiasi. Ipo sababu ya pili. Mnyama wa wizi husafirishwa usiku, bila maji wala kibali cha ofisi ya mifugo, miguu imefungwa pamoja. Kenya iliona wizi wa punda ukienea baada ya machinjio ya punda kufunguliwa kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya ngozi. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji huo kwa miaka 15. Askari anayemkagua mnyama kwa makini huona mengi kuliko kidonda. Sotoka ya mbuzi nayo yaweza kuvuka ziwa katika mashua ile ile, pamoja na mbuzi aliyesemwa "amechoka safari tu."

Nimesikia malalamiko yenu kwamba ukaguzi unachelewesha mashua na samaki wanaharibika. Ni kweli, na siku nyingine kosa ni letu: askari husimama mbali, huuliza karatasi, hamgusi mnyama, kisha hubishana. Naomba tujaribu njia nyingine. Mwenye mnyama na askari waweke mikono pamoja: chini ya kamba, kwenye mbavu, kwenye kwato. Kamba ifunguliwe, mnyama asimame mwenyewe. Akishtuka mkono unapomkaribia, hilo nalo lizungumzwe.

Chini ya mwembe ule nawaona mbuzi wanne waliofungwa miguu. Sijui ni wa nani, wala sikuja kumkamata. Mwenyewe ajitokeze, tuwafungue, tuanze na hao.