Dia, Maslaha na Bima: Abiria Aliyeumia Shingo Amdai Nani?

Waheshimiwa wazee, maimamu, machifu, nanyi madereva mliofika kutoka Modogashe, Dadaab na Madogo ng'ambo ya daraja,

Nimeombwa nizungumzie fidia ya bima kwa wanaoumia barabarani. Nimechagua jeraha moja tu, la shingo, kwa kuwa ndilo linalopotea kwa urahisi zaidi katika utaratibu wetu wa maslaha, yaani usuluhishi wa wazee.

Basi likigongwa nyuma, au likifunga breki ghafla kwa sababu ya ngamia kwenye barabara ya Mwingi, kichwa cha abiria hurushwa kwa nguvu mbele na nyuma. Hakuna damu, hakuna mfupa uliovunjika. Abiria anashuka, anajikung'uta vumbi, anasema alhamdulillahi. Maumivu mara nyingi huanza kesho yake au keshokutwa: shingo inakakamaa, kisogo kinagonga, pengine mkono unakufa ganzi. Akipigwa eksirei anaambiwa mifupa ni mizima, maana eksirei haionyeshi misuli iliyovutika wala kano zilizochanika. Wengi hupona kwa wiki chache. Lakini wako wanaokaa nayo miezi, hata miaka, na kijana aliyekuwa akipakia mbuzi kwenye lori siku za soko hawezi tena kuinua hata mmoja.

Kufikia wakati huo wazee wameshakaa. Ukoo wa dereva umekuja kwa heshima, chai imenywewa, pesa kidogo zimetolewa, na karatasi imeandikwa: "Nimepokea, nimesamehe, sina dai tena." Chini yake pana alama ya kidole gumba. Kampuni ya bima ikiletewa dai baadaye, karatasi hiyo ndiyo ngao yake ya kwanza.

Siji hapa kuivunjia heshima maslaha. Imezuia damu nyingi kumwagika katika kaunti zetu, na Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inaitambua njia ya kienyeji ya kusuluhisha migogoro mradi isikiuke haki za mtu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali hata shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana na dia, yaani fidia ya damu, kulipwa.

Ila ajali ya gari ina mtu wa tatu ambaye hatumwiti barazani: kampuni ya bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu watakaoumizwa na gari lake, na kampuni inaweza kudaiwa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Ada imeshalipwa, stika iko kwenye kioo. Kisha ajali inatokea, na sisi tunachangisha ukoo mzima. Mzee wa Wajir anauza mbuzi wake kwa kosa la dereva asiyemjua, na kampuni iliyolipwa ili ibebe mzigo huo haijapata hata habari. Hiyo ni dhuluma kwa pande zote mbili, ukoo na majeruhi, na sioni sababu ya kuiendeleza. Mwenye wasiwasi kuhusu uhalali wa bima akumbuke kwamba takaful, bima ya Kiislamu, ipo nchini tangu 2011, na wafugaji wa Wajir wameshalipwa kupitia mpango huo mifugo ilipokumbwa na ukame.

Basi aliyeumia afanye nini? Aripoti polisi mapema na apate namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, hata kama anajiona mzima. Aende hospitali siku maumivu yanapoanza, na amwambie daktari aandike neno "shingo" na neno "ajali" kwenye kadi. Kadi isemayo "maumivu ya mwili" tu haitamsaidia. Achukue fomu ya P3 na abstrakti ya polisi, na apige picha ile stika. Risiti za dawa na nauli azitunze, kwani mahakama hairudishi gharama isiyothibitishwa. Kampuni ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa. Isipoarifiwa kwa wakati inaweza kukwepa kulipa hukumu.

Muda wa kushtaki ni miaka 3. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu, na hapa kwetu, penye magari mengi ya polisi na jeshi, wengi huchelewa kwa kutojua hilo.

Kuna pengo ambalo lazima niliseme. Sheria hailazimishi bima imlipie mtu aliyepewa lifti ya bure. Aliyepanda juu ya mbuzi kwenye lori la mizigo naye ataambiwa bima ya lori hilo si ya abiria. Hao ndio hasa wanaohitaji dia, na hapo wazee wasilegeze kamba.

Kwa wengine, ombi langu kwa kikao hiki ni dogo. Kila karatasi ya maslaha ya ajali ya barabarani iandikwe hivi: "Pesa hizi ni za matibabu ya sasa. Hazifuti haki ya majeruhi kudai bima." Na karani asiilete itiwe kidole kabla ya majeruhi kumwona daktari mara ya pili. Nimekuja na nakala ya maneno hayo kwa Kiswahili na Kisomali. Wazee wa Madogo wakiwa tayari, tuanze nayo leo mchana.