Gari Linalochemsha: Tuyatafute Maji Yanakopotelea

Maelezo ya fundi wa magari kwa madereva, wamiliki wa magari na wakazi wa kata



Nimeombwa nieleze jambo ambalo kila mwenye gari la zamani hulitaja kwa jina moja tu: gari linachemsha. Jina ni moja, lakini magonjwa ni mengi. Na anayelitibu jina bila kuutafuta ugonjwa humaliza fedha, kisha akalipoteza na gari.

Jambo hili si la mwenye gari peke yake. Magari yetu mengi yameshatumika miaka 20 na zaidi, nayo ndiyo yanayopeleka alizeti na vitunguu sokoni na wagonjwa hospitalini. Mfumo wa m-mama, unaopokea simu za dharura za wajawazito na watoto wachanga kwa namba 115 bila malipo, hutumia pia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali. Gari likizimika usiku kwenye mlima wa Sekenke likiwa na mama mwenye uchungu, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi.

Nianze na mahali tulipo, maana mahali nako kuna sehemu yake. Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Huku kwetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini nyingi hufanya kazi ya kawaida kati ya nyuzi 80 na 95. Ni nini basi kinachoyazuia maji yasichemke kila siku? Ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ule una springi na mpira, na kazi yake ni kuyabana maji kwa shinikizo. Maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka: mfuniko ukiwa mzima, huweza kupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka.

Mpira wa mfuniko ukikauka au springi ikilegea, maji huchemka yakiwa bado katika joto la kawaida la kazi. Husukumwa kwenye kopo la akiba, kopo likajaa, yakamwagika barabarani. Dereva akifika nyumbani huiona rejeta imepungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Nimewahi kuletewa gari dogo la abiria lililokwisha kubadilishwa pampu ya maji na rejeta, na bado likachemsha. Kilichokuwa kimechoka ni mfuniko. Kwa hiyo tuanze na kilicho rahisi kabla ya kuifungua injini.

Ndugu zangu, kuupata ugonjwa huu kunahitaji maswali matatu, yaulizwe kwa mpangilio.

Swali la kwanza: je, maji yanapungua kweli? Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza rejeta hadi shingoni na kopo la akiba hadi kwenye alama yake. Andika tarehe na kilomita. Kila unapoongeza, pima kwa chupa na uandike. Mwenye gari anayesema, “Naongeza nusu lita kila wiki,” amemsaidia fundi. Anayesema, “Linakunywa kidogo,” amemwacha gizani.

Swali la pili: kama yanapungua, yanatokea nje au ndani? Yanayotokea nje huacha alama. Tandika boksi safi chini ya injini usiku kucha. Kagua mipira ya maji kwenye maungio yake, na uiminye ikiwa baridi: uliovimba, uliopasuka au uliolainika kupita kiasi ubadilishwe. Tazama chini ya pampu ya maji, kwenye kitundu chake kidogo. Kikidondosha, pampu imeanza kuisha. Ukungu mweupe au wa kijani uliokauka juu ya chuma ni njia ambayo maji yamepita. Usisahau ndani ya gari: zulia likilowa chini ya dashibodi na harufu tamu ikitanda, hita inavuja.

Yanayopotea ndani ni ya kuogopwa zaidi. Hapa tunaishuku gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe kupinda au kupasuka. Dalili zake ni hizi: moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata joto, mapovu yanayopanda rejetani mara tu injini baridi inapowashwa mfuniko ukiwa wazi, mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe asubuhi, dakika moja baada ya kuwasha, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Dalili moja isikufanye uhukumu. Zikiwa mbili au tatu, usiliendeshe tena gari hilo. Livutwe hadi kwa fundi. Hedi iliyopinda kidogo huweza kusawazishwa kwa mashine. Iliyoendeshwa ikichemka wiki nzima mara nyingi huenda na injini.

Swali la tatu: linachemsha wakati gani? Likichemsha likiwa limesimama au likitembea polepole, kisha likapoa mwendo ukiongezeka, ishuku feni au mkanda wake, kwa sababu upepo wa mwendo ndio unaolisaidia. Likivumilia mjini lakini likachemsha linapopandisha kutoka Shelui kuelekea Misigiri, ishuku rejeta iliyoziba, kwa kuwa mlimani injini hutoa joto jingi na rejeta haiwezi kulitoa lote. Na geji ikipanda upesi baada ya kuwasha, huku mpira mmoja wa rejeta ukiwa wa moto na mwingine umebaki baridi, ishuku thamostati iliyoganda.

Hapa niseme neno kuhusu desturi ya kuitoa thamostati na kuitupa. Injini isiyo nayo huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Tena kuitoa huuficha ugonjwa badala ya kuuponya. Ichovye katika sufuria ya maji jikoni: nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82, kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua mpya. Ikifunguka, irudishe na utafute kosa kwingine.

Madereva wengi huiamini geji kupita kiasi. Kumbukeni kwamba geji hupima joto la maji, haipimi joto la chuma. Maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki hewani na mshale huweza kushuka, dereva akafurahi kumbe injini inaungua. Mshale ukiyumba ghafla, au hita iliyokuwa ikitoa joto ikaanza kutoa baridi, simama.

Ukisimama, fanya hivi. Zima kiyoyozi. Kama mshale haujafika kwenye nyekundu, fungulia hita hadi mwisho, kwa kuwa nayo hutoa joto la injini. Ukifika kwenye nyekundu, au mvuke ukitoka, egesha mahali salama, weka pembetatu za tahadhari na uzime injini. Usiufungue mfuniko. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa hulipuka usoni, na kuungua kwake ni kubaya. Subiri nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kukuunguza na uminyike kwa urahisi. Wala usimwagie injini yenye moto maji ya baridi. Chuma huweza kupasuka.

Sasa tuyatazame maji tunayotia. Visima vyetu vingi hutoa maji yenye chumvi. Kila mama hapa ameona ukoko mweupe chini ya birika lake. Ukoko huohuo hujengeka ndani ya mirija ya rejeta, na ndiyo sababu rejeta nyingi huziba kabla ya wakati. Tumieni kulanti iliyochanganywa kama maelekezo ya chupa yanavyosema. Mara nyingi ni nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Katika dharura, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima cha chumvi. Kulanti huongeza pia kiwango cha kuchemka na huzuia kutu.

Hata hivyo, kulanti nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto, mbwa au mbuzi akiilamba huweza kufa. Isimwagwe uani, mtaroni wala karibu na kisima. Ikingwe kwenye chombo chenye mfuniko, iandikwe jina, iwekwe mbali na watoto. Isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Nihitimishe kwa ombi. Kila mwenye gari la zamani akague maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Aubadilishe mfuniko uliochoka, kwani bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na injini. Na awe na daftari la kuandika maji anayoongeza. Kwa vijana wanaopenda kazi hii, chuo cha VETA Singida hufundisha ufundi wa magari, na kata yetu inahitaji mafundi wanaouliza kabla ya kufungua.

Nipo tayari kwa maswali. Waliokuja na magari yao wayaache yapoe kwanza. Yakishapoa tutaikagua mifuniko pamoja, gari moja baada ya jingine.