Gari Linalodunda Baada ya Kufungwa Springi Mpya: Tupime Uzito Kwanza

Kindu, jimboni Maniema, vipuri huja kwa ndege au kwa reli ya SNCC kutoka kusini, kwa hiyo mwenye gari akipata nafasi ya kuagiza springi hutaka ngumu kuliko za kiwandani, zidumu. Land Cruiser pikapu hufungwa seti ya "kazi nzito", huinuka sentimita tano na kupendeza macho. Baada ya wiki dereva amerudi garaji: gari likiwa tupu linarusha watu. Hapo ndipo wengi wetu hushauri shokapu ngumu zaidi. Mada hii inapinga ushauri huo. Mara nyingi springi zenyewe si mbovu. Zilichaguliwa kwa mzigo ambao gari halibebi, na hakuna shokapu inayoweza kusahihisha hesabu hiyo.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ni fupi. Springi ya nyuma ikishuka sentimita 11 chini ya kilo 400 za upande wake, gari litapanda na kushuka kama mara 1.5 kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa binadamu huuvumilia vizuri. Weka springi yenye ugumu maradufu: kwa kilo zilezile itashuka sentimita 5.5 tu, na mdundo utazidi mara 2 kwa sekunde. Pakia kilo 800 upande huohuo, nayo itarudi kwenye sentimita 11 na utulivu wa mwanzo. Springi ni ileile, barabara ni ileile. Kilichobadilika ni uzito. Shokapu nayo inafuata hesabu hiyo: ugumu wa springi ukiongezeka maradufu, nguvu ya kuzuia mdundo inapaswa kuongezeka kwa takriban asilimia 40. Ndiyo maana springi mpya juu ya shokapu za zamani huliacha gari likiendelea kudunda muda mrefu baada ya shimo kupita. Lakini anayevuka kipimo hicho hapati utulivu. Shokapu ikizuia mno springi kunyooka, kwenye vituta vilivyopangana kama bati gurudumu halipati muda wa kurudi chini; gari huzama kidogo kidogo hadi likalie mipira ya kizuizi, na kila kituta hugonga shasi moja kwa moja.

Watakaosema kosa ni la barabara wana hoja. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, vituta vilivyoachana sentimita 70 hupiga gurudumu kama mara 12 kwa sekunde, karibu na mtikisiko wa asili wa ekseli yenyewe. Huko kugonga hakutaisha kabisa kwa springi yoyote. Ila dereva anayelalamika baada ya kubadilishiwa springi alikuwa akipita njia hiyohiyo ya Kalima jana yake, tangu anaposhuka kivukoni Alunguli. Barabara haikubadilika usiku mmoja.

Wengine hushauri subira: zitalainika zenyewe. Springi za majani hukaa kidogo katika kilomita za mwanzo, ni kweli, na gari hupungua kimo. Ugumu wake, hata hivyo, hubaki karibu uleule. Kinachopungua wakati mwingine ni msuguano kati ya jani na jani, na huo fundi anaweza kuushughulikia leo: afungue, asafishe kutu, apake grisi ya grafiti. Kabla ya hapo atazame upepo wa tairi, kwa kuwa tairi lililojazwa kwa safari ya mzigo likiachwa hivyo gari likiwa tupu huwa gumu kama ubao. Kisha alegeze nati za bushi na kuzikaza upya magurudumu yakiwa yamekanyaga chini. Bushi iliyokazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki hubaki imepindwa, na mpira wake hugeuka springi ya pili ambayo hakuna aliyeiagiza. Mwisho afunge uzi kwenye fimbo ya shokapu, gari litembee, kisha asome uzi umesukumwa hadi wapi. Ukifika mwisho kabisa, shokapu ni ndefu mno ikiwa imebanwa, au springi imezidiwa.

Pingamizi zito ni la wapakiaji: gari la Maniema halijui kipimo, leo watu wawili, kesho mapipa matatu ya mazutu. Pipa moja la lita 200 lina karibu kilo 170 bila chuma chake, kwa hiyo mapipa matatu yanavuka nusu tani. Gari linaloishi hivyo lipewe springi ngumu bila kuona haya. Lakini gari la kituo cha afya linalobeba mgonjwa na muuguzi mmoja halina sababu ya kuadhibiwa kwa ajili ya pipa la mara moja kwa mwezi. Kwake inafaa springi ya hatua mbili, ambayo jani la chini huguswa mzigo unapozidi tu. Kupunguza jani moja la chini, pande zote mbili sawasawa, nako kunasaidia, mradi mwenye gari aambiwe waziwazi kwamba uwezo wa kubeba umepungua na jani kuu lisiguswe.

Kwa hiyo karatasi ya kuagiza iandikwe kilo za ekseli ya nyuma katika siku ya kawaida, kimo kinachotakiwa, na urefu wa shokapu ikiwa imebanwa na ikiwa imenyooka. Muuzaji asiyeweza kusema springi yake inashuka milimita ngapi kwa kila kilo 100 aachwe, hata kama bei yake ni nafuu.