Tuwapeleke Watoto Wakazione Nyota

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa elimu, Temeke)



Alasiri ya tarehe 21 Juni, 2001 nilikuwa mwanafunzi wa zamu ya jioni katika shule moja ya msingi ya pembezoni mwa jiji hili. Siku hiyo jua lilipatwa. Wenzetu wa Zambia, Zimbabwe na Msumbiji waliokuwa katika njia ya kivuli cha mwezi waliona mchana ukigeuka usiku. Sisi wa Dar es Salaam tulijaliwa sehemu tu ya tukio hilo. Na hata sehemu hiyo tulinyimwa, kwani tuliingizwa darasani, madirisha yakazibwa kwa magunia, nasi tukaamriwa kuinamisha vichwa juu ya madawati.

Lakini bati la darasa letu lilikuwa limetobolewa na kutu. Siku zote jua lilipenya humo likaacha ukutani vidoa vya mwanga vya mviringo. Alasiri ile vidoa hivyo viligeuka hilali, kana kwamba miezi mingi imeandama ukutani kwa pamoja. Mwenzetu mmoja alipiga ukelele; mwalimu akamnyamazisha. Hakuna aliyetueleza tulichokuwa tunakiona. Nilikuja kufahamu miaka mingi baadaye, nikiwa Mlimani, kwamba kila tundu la bati lilikuwa linatuchorea picha ya jua lenyewe, likiwa limemegwa na mwezi.

Simlaumu mwalimu wetu. Alihofia macho yetu, na hofu hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa kulikodolea jua macho matupu kunaweza kumpofusha mtu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kipande cha kadi kilichotobolewa kwa sindano, jua likiwa mgongoni na karatasi nyeupe ikiwa mbele, kingetosha kuwaonyesha watoto tukio zima bila hatari yoyote.

Nimeombwa nizungumzie ziara za wanafunzi katika jumba la nyota, nami nimeanza na bati bovu kwa makusudi. Jumba la nyota ni ukumbi wenye paa la kuba, ambamo mtambo huakisi juu ya kuba hilo sura ya mbingu ya usiku. Mtambo wa kwanza wa namna hiyo ulitengenezwa na kampuni ya Zeiss ya mji wa Jena, Ujerumani, ukaonyeshwa katika jumba la makumbusho la München mwaka 1923. Hapa Afrika Mashariki, majirani zetu wa Kenya wametutangulia. Ndugu Susan Murabana na mwenzake Chu Owen, waanzilishi wa Travelling Telescope, wamekuwa wakizunguka mashuleni na darubini pamoja na hema la nyota linalojazwa upepo, kisha wakasimamisha jijini Nairobi kuba lenye kiunzi cha mianzi. Nasisitiza neno mianzi, maana wako wanaodhani kwamba jambo hili haliwezekani pasipo marumaru na wafadhili wakubwa.

Wako pia watakaouliza: kwa nini tugharimie kuba ilhali mbingu yenyewe iko juu ya vichwa vyetu bure? Swali hili ni zuri, na jibu lake linawahusu hasa Temeke na Kinondoni. Nyota huonekana usiku, na shule ni ya mchana. Ni mzazi gani wa Mbagala au Tandale atakayeruhusu binti yake wa miaka kumi na miwili atoke saa mbili za usiku akatazame nyota, kisha arudi kwa daladala? Atakuwa na haki ya kukataa. Matokeo yake ni kwamba wavulana wachache huenda, wasichana wote hubaki, na sisi tunaandika katika taarifa kwamba wanafunzi walishiriki. Kuba humletea binti huyo usiku saa nne za asubuhi. Hiyo kwangu ndiyo sababu kuu. Nyingine zote, kama mawingu ya masika na taa za barabarani, ni za ziada.

Basi litakapopatikana hema la kuazima, au safari itakapowezekana, tusirudie kosa la ziara zetu nyingi, ambapo watoto mia na zaidi hupakiwa kama magunia ya mkaa, wakaimba njiani, wakala maandazi, wakarudi wamechoka, na kesho yake mwalimu akaendelea na somo jingine. Hema dogo huingiza darasa moja tu kwa zamu, na wale wanaosubiri nje wapewe kazi ya kufanya. Ada ya ziara isiwe chujio la kuwabakiza nyumbani watoto wa wauza mihogo. Zaidi ya yote, mtoto aingie humo akiwa na swali lake mwenyewe kutoka mbingu ya kwao.

Swali hilo huanzia uwanjani. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla kidogo ya katikati ya Oktoba. Chomekeni kijiti wima siku za mwanzo wa Machi. Muda mfupi baada ya saa sita na nusu kivuli chake kitamezwa chini yake. Watoto watauliza kwa nini hakikumezwa saa sita kamili, na hapo mwalimu atalazimika kueleza kwamba saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kama nyuzi 39. Somo zima la longitudo limepatikana kwa kijiti cha mpera!

Aidha, tusiwafundishe watoto kana kwamba elimu ya nyota ni mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ambayo lugha yetu inayo tangu zamani. Kilimia, kile kishada cha nyota kinachochomoza mashariki giza liingiapo mwezi Novemba, kimepata jina lake kutokana na kulima. Wako wavuvi wa Kunduchi wanaoweza kusimama mbele ya darasa wakaeleza jinsi nyota zinavyomrudisha mtu pwani, na mwalimu asione haya kukaa akasikiliza.

Tena si mambo ya kale tu. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipokuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, Wamarekani walirusha setilaiti kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mwanafunzi wetu anaweza kumaliza kidato cha nne bila kusikia kwamba neno la Kiswahili limo katika historia ya elimu ya anga.

Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, mambo yalikuwa afadhali. Jua lilipopatwa likabakia pete, watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia, na Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuuelimisha umma. Lakini Rujewa ni mbali na Yombo Vituka.

Jumatatu tarehe 2 Agosti, 2027 jua litapatwa kabisa huko Misri na Uarabuni, na hapa kwetu litamegwa kipande wakati wa mchana. Naomba kila mwalimu mkuu aliyemo humu aandike tarehe hiyo kabla hatujatoka, na pembeni yake aandike: kadi, sindano, karatasi nyeupe, watoto wote nje.