TUFUME SOKSI, TUSIFUMWE NA SOKSI

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.)



Tumepewa nafasi tuseme juu ya soksi. Msicheke. Mambo ya mbolea na mbegu za viazi yatasemwa na ndugu mtunza stoo. Sisi tunasema juu ya soksi kwa sababu katika miezi hii ya baridi, kila tunapopita, iwe kisimani, iwe kwenye foleni ya mashine ya kusaga, tunakuta sindano zinakwenda. Na ofisini kwetu yameletwa malalamiko mawili yanayopingana. Wa kwanza wanasema ufumaji upigwe marufuku, maana umeleta uzembe. Wa pili wanasema ufanywe mradi wa ushirika, kila kaya ilete pea zake kila mwezi. Tumeyapima yote mawili. Tunaona yote mawili hayafai, na sasa tutaeleza kwa nini.

FURAHA YA KUFUMA

Sisi watu wa nyanda za juu za Njombe hatuhitaji kufundishwa baridi ni nini. Mwezi wa Juni na wa Julai kuna alfajiri ambazo nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu, na mguu ndio unaoanza kulia. Kwa hiyo soksi kwetu si pambo.

Na wala si jambo geni duniani. Huko Misri zilichimbuliwa soksi za sufu zilizotengenezwa kwa mkono kabla ya mwaka 500. Zilitengenezwa kwa sindano moja, si kwa namna yetu hii ya sindano tano, lakini ni soksi. Na jamani, zina nafasi mbili mbele, kidole gumba peke yake na vidole vinne peke yake, ili mwenye nazo avae na ndala. Basi kijana anayechekwa kwa kuvaa soksi na malapa aacheni. Wenzake walimtangulia miaka 1,500 iliyopita.

Vifaa vyetu hatuviagizi mbali. Sweta kuukuu la mtumba linafumuliwa, uzi unafuliwa, unakaushwa, unazungushwa kuwa donge. Sindano tunachonga wenyewe. Mianzi ile ile inayotupa ulanzi ndiyo inayotupa sindano: kipande kikavu kinapasuliwa, kinakwanguliwa kwa kisu, kinasuguliwa msasa, kinapakwa mafuta kidogo. Wengine wanatumia spoku za baiskeli. Kazi ni ile ile.

Sasa utamu wake uko wapi? Uko kwenye kisigino. Asiyefuma hatuelewi, basi tueleze taratibu.

Soksi ya mtu mzima, kwa uzi huu wetu mnene, huanza na vitanzi 48. Vinagawanywa katika sindano 4, kila moja 12, na sindano ya 5 ndiyo inayofanya kazi. Unazunguka, unazunguka, mpaka urefu wa kifundo. Hapo unaacha nusu ya vitanzi, yaani 24, visubiri. Nusu nyingine unaifuma kwenda na kurudi, mistari 24, unapata kipande kama kiraka. Halafu inakuja ajabu. Unafuma kupita katikati, unageuka kabla ya kufika mwisho, unaunganisha viwili kuwa kimoja, unageuka tena. Vile 24 vinabaki 14, na kile kiraka kilichokuwa bapa kinajikunja chenyewe kama kiganja kinachopokea maji. Kisha unaokota vitanzi 12 ubavu huu na 12 ubavu ule. 14 na 12 na 12, pamoja na 24 vilivyokuwa vinasubiri, ni 62. Lakini mguu hautaki 62, unataka 48. Basi unapunguza viwili, unapumzika mzunguko mmoja, unapunguza viwili tena. Mara 7, umerudi 48. Umepata kisigino, na hakuna aliyekata kwa mkasi wala kushona kwa cherehani.

Mtu akikipata kisigino chake cha kwanza anatembea nacho kijiji kizima. Tumeona mzee wa miaka sabini akisimamisha gari la mbao barabarani ili amwonyeshe dereva.

Na sisi tuliojifunza kusoma katika darasa la watu wazima tuna la kuongeza. Yuko mama mmoja darasani aliyekuwa akiona hesabu za kutoa anatoka nje, eti anakwenda kuangalia mtoto. Mwalimu akaacha ubao, akamwambia: mama, chukua soksi yako, una 62, unataka 48, utapunguza mara ngapi? Akahesabu kwa vitanzi, akasema saba. Leo mama huyo anasoma stakabadhi yake ya viazi mwenyewe, na msimu uliopita alikuta gunia moja halikuandikwa. Likaandikwa. Hiyo ni faida ya soksi ambayo haivaliwi mguuni.

Iko na faida nyingine ambayo ni vigumu kuiandika. Mwaka huu katika kijiji chetu mama mmoja kijana alifiwa na mume. Matanga yalipokwisha, watu wakarudi mashambani, yeye akabaki ndani. Ukienda kumjulia hali anasema "nzuri", basi, mnatazamana. Wakaenda akina mama watatu na sindano zao. Hawakumuuliza kitu. Walikaa, wakafuma, wakaondoka, kesho wakarudi. Siku ya nne akaomba uzi. Siku ambayo hatuikumbuki ni ya ngapi, akiwa amekishika kisigino, akaanza kumsema marehemu, alivyopenda kuimba akiwa shambani, akalia, wakalia wote. Soksi haimrudishi mtu. Lakini mikono ikiwa na kazi, watu wanaweza kukaa pamoja kimya bila aibu, na maneno yanatoka yanapokuwa tayari.

Tuseme na neno kwa wanaume wanaocheka kwamba kufuma ni kazi ya wanawake. Katika nchi ya Peru, kwenye kisiwa cha Taquile ndani ya ziwa Titicaca, wanaofuma kofia kwa sindano ni wanaume, nao hujifunza tangu utotoni. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufumaji wa kisiwa kile kuwa ni urithi wa dunia nzima. Wanaume wale ni wakulima wa viazi kama sisi. Viazi vyao havijaoza kwa sababu hiyo.

VISHAWISHI VYAKE

Sasa basi, ndugu zangu, tusijidanganye. Wanaolalamika wana haki yao.

Mfumaji ana uongo wake mmoja, nao ni huu: "Namalizia mzunguko huu tu." Mzunguko huu ukiisha, uko mwingine umeshaanza. Kwa mzunguko huu tu maharage yameungua katika nyumba ambazo hatutazitaja, maana moshi wake ulizitaja. Kwa mzunguko huu tu mbuzi wameingia kwenye bustani ya vitunguu, na mchungaji amekaa juu ya jiwe anahesabu, "thelathini na tatu, thelathini na nne," na mbuzi nao wanahesabu vitunguu.

Kwenye mizani limetokea kubwa zaidi. Mtu anayesaidia kusoma uzito alikuwa na soksi mapajani. Akaita "arobaini na nane!" Karani akaandika 48. Kumbe vile vilikuwa vitanzi vyake, na gunia lilikuwa zaidi ya kilo 90. Bahati nzuri mwenye gunia alikuwa amesimama pale pale. Angekuwa ameshaondoka, je? Hizo ni ada za shule za watoto wa mtu.

Na mkutano wa mwezi uliopita mnaukumbuka. Tulipiga kura juu ya daraja la mtoni. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyooka mikono michache, tukadhani watu wamelikataa daraja. Kumbe wengi wanalitaka, ila mikono ilikuwa imeshika sindano, wanaogopa vitanzi visiponyoke! Ilibidi kura irudiwe. Mshika mbili moja humponyoka, wazee walisema, na siku ile kidogo tu litoponyoke daraja.

Tena uko ugonjwa wa soksi moja. Mtu anafuma ya kwanza kwa moto mkubwa, anaisifia, anaitundika. Ya pili haianzi kamwe, maana kisigino ameshakijua. Anachukua uzi mwingine, anaanza soksi nyingine ya rangi nyingine. Tumepita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya jambo jingine, tukaona soksi mojamoja ukutani nyumba nyingi. Mwanadamu ana miguu miwili, ndugu zangu.

KWA NINI TUSIFANYE MRADI

Wanaotaka mradi nia yao ni njema. Wanaona mikono inakwenda, wanataka ilete fedha. Tufanye hesabu pamoja. Soksi moja kama tulivyoieleza ina vitanzi kama 6,000. Mtu wa kasi ya kawaida anafuma vitanzi 20 kwa dakika. 6,000 ukigawa kwa 20 ni dakika 300, yaani saa 5. Pea moja ni saa 10. Ni kutwa nzima ya jembe. Sasa nendeni mnadani mkaulize soksi za kiwandani zinauzwaje, na mtu anayelima kibarua kutwa analipwa nini. Hesabu haikubali.

Na haikuanza kukataa jana. Mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, alitengeneza mashine ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya ulinzi, akihofia watu maskini waliokuwa wakifuma kwa mkono watakosa mkate. Lee akaenda Ufaransa. Lakini mashine haikurudi nyuma. Miaka zaidi ya 400 mkono unashindana na mashine kwa bei, na kwa bei mkono haujashinda. Hata hivyo watu hawakuacha kufuma. Kwa nini? Kwa sababu wanachokitafuta hakiko kwenye bei.

Hapo ndipo tunapotaka tusikilizwe vizuri. Sisi viongozi tuna tabia yetu. Tukiona watu wanafurahia jambo, upesi tunalitafutia kamati, daftari na mhasibu. Tukiweka sharti la pea mbili kila kaya kwa mwezi, yule mzee wa gari la mbao hatamsimamisha dereva tena. Atakuja kutuuliza kama tarehe ya mwisho inaweza kusogezwa. Yule mama aliyefiwa hatakaliwa na watu watatu waliokuja kwa hiari. Atakaliwa na watu wanaotimiza idadi. Kitu cha kupenda ukikiandika kwenye daftari la madeni, kinakuwa deni. Tunayo madeni ya kutosha: ya mbolea, ya ada, ya michango. Tujiachie kitu kimoja kisicho na stakabadhi.

Mwenye kutaka kuuza soksi zake auze, hakuna wa kumzuia. Lakini ushirika usiagize.

MAPENDEKEZO YETU

Tunaleta mambo manne.

1. Kwenye mizani, na wakati wa kura, sindano ziwekwe chini. Wakati wa mazungumzo marefu kama haya, mtu afume. Tumegundua anayefuma halali, na hilo ni zaidi ya tunavyoweza kusema juu ya wengine waliokaa nyuma pale.

2. Mwenye sufuria jikoni au mbuzi malishoni afume akiwa anaviona. Kila mtu ajisimamie. Ofisi haitatuma mkaguzi wa maharage.

3. Litawekwa kapu stoo. Mwenye kupenda ataweka humo pea ya soksi kwa ajili ya wazee wasio na mtu wa kuwafumia. Majina ya watoaji hayataandikwa, na asiyetoa hataulizwa. Wazee hao wako, tunawafahamu, na baridi ya Julai inawafahamu pia.

4. Zile soksi mojamoja zitolewe ukutani zije kwenye kapu. Mtu mwingine atazifumia wenzake. Ndiyo, mkono wa mtu haufanani na mkono wa mwingine. Moja itabana kidogo na moja italegea kidogo. Mguu wa mzee hautalalamika. Na aliyechoka na soksi ya pili yake mwenyewe, mara nyingi ya pili ya mwenzake huifuma kwa furaha. Hilo nalo ni ushirika, wala halikuhitaji mradi.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mambo haya manne yapigiwe kura sasa.

Wenye sindano, tafadhalini, ziwekeni chini kwanza.