Uyoga wa Mawe wa Kansas

Hifadhi ya Mushroom Rock, katika kaunti ya Ellsworth, jimbo la Kansas nchini Marekani, ina ekari 5 tu. Ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za jimbo hilo, na mtu huimaliza kwa miguu kwa muda mfupi. Imetengwa kwa sababu ya mawe machache yaliyosimama kwa umbo la uyoga: chini shina jembamba, juu kofia pana ya mwamba. Kubwa lao lina kipenyo cha mita 8 hivi.

Wapo wanaoyaona wakasema ni kazi ya upepo. Upepo una sehemu yake, lakini kuupa sifa zote ni kuyadhulumu maji.

Katika kipindi cha Kretasia, takriban miaka milioni 100 iliyopita, bahari ilikuwa imeingia hadi katikati ya Amerika ya Kaskazini. Mchanga ulioachwa na mito na mawimbi kandokando yake ulishindiliwa ukawa mwamba unaoitwa Dakota. Kisha maji yaliyopenya chini ya ardhi yakabeba chokaa na kuiacha katikati ya chembe za mchanga, ila si kila mahali kwa kiasi kimoja. Palipopata chokaa ya kutosha pakashikamana kama zege. Palipokosa pakabaki laini, pa kusugua kwa kidole chembe zikaanguka. Mmomonyoko ulipofika ulianza na palipo laini. Mvua, baridi ya kugandisha na upepo vikaula mwamba wa chini na wa pembeni, kofia ikabaki juu ya shina linaloendelea kukonda. Siku moja shina litashindwa na mzigo wake, nalo jiwe litaanguka.

Kwenye nyanda zile zilizo wazi, mawe hayo yalikuwa alama ya njia kwa wenyeji wa asili, na baadaye kwa wasafiri wa karne ya 19. Leo hifadhi husimamiwa kutoka hifadhi jirani ya Kanopolis, iliyo kando ya ziwa la jina hilohilo.

Kwa mwamba laini namna hii, adui wa karibu ni kisu cha mgeni. Mwenye hamu ya kuacha jina lake aliandike kwenye karatasi, kwani likishachongwa pale halifutiki bila kukwangua jiwe lenyewe.